"Sijashindwa na watoto": kisa cha mlezi wa kuaminika mmoja, Mwanza

Jumatatu moja asubuhi, kabla hata sijafungua ofisi, nilimkuta mama mlezi amekaa kwenye benchi la nje. Kushoto kwake msichana wa miaka tisa, kulia mvulana wa miaka minne, na miguuni kiroba chenye nguo zao. Kwetu ustawi wa jamii, kiroba kikionekana kwenye lile benchi, huna haja ya kuuliza. Mtoto anarudishwa.

Nikamsalimu, nikaanza ile hotuba yetu ya siku zote: watoto hawa wamepitia mengi, vumilia kidogo mama, Mungu atakulipa. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Afisa, mimi sijashindwa na watoto. Nimeshindwa na karatasi."

Kisa hiki nimekisuka kwa ajili ya kufundishia. Nimeunganisha mambo yaliyotoka nyumba zaidi ya moja, simtaji mtu kwa jina, na alama za kuwatambulisha watoto nimezihamisha. Ila ukimpa afisa ustawi yeyote wa kata akisome, ataguna mahali fulani, maana na yeye benchi lake lina kiroba.

Kwanza nieleze huyu mlezi ni nani kisheria. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inamtaja kuwa ni mtu mzima mwenye maadili na uadilifu, mwenye akili timamu, asiye ndugu wa mtoto, anayeweza kumtunza, na ambaye afisa ustawi wa jamii amemwidhinisha kwamba nyumba yake inamfaa mtoto. Mitaani tunamwita mlezi wa kuaminika. Hana mshahara. Anampokea mtoto kwa dharura na kwa muda, huku sisi tukitafuta familia yake. Malezi ya kambo ni hatua nyingine, ndefu zaidi, na kuasili ni safari ya Mahakama Kuu. Kwa hiyo mlezi wa kuaminika ndiye mlango wa kwanza, ule unaogongwa usiku.

Hilo neno "kambo", kwa kupita tu, limetuharibia kazi. Ukisimama kwenye mkutano wa mtaa ukasema unatafuta watu wa malezi ya kambo, akina mama wanatazamana. Kila mtu ana hadithi ya mama wa kambo, na hakuna hata moja nzuri. Sheria imeandikwa, kanuni zimeandikwa, sina uwezo wa kulibadilisha. Nimejifunza tu kutolitamka kabla watu hawajakunywa chai.

Usiku wa kwanza

Simu ilitoka Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, saa nne kasoro usiku. Watoto wawili wameshuka basi stendi ya Nyegezi, hakuna aliyewapokea, wamekaa kando ya kibanda cha mama ntilie tangu magharibi. Msichana alikuwa amechana kipande cha kanga akaufunga mkono wake wa kushoto na mkono wa kulia wa mdogo wake, mafundo mawili, kama watu wanavyofunga mbuzi wasipotezane mnadani. Askari wa kike alipojaribu kulegeza fundo, mtoto alimng'ata.

Walitoka upande wa Geita, machimboni. Mama yao aliwapandisha basi akawaambia bibi yenu atawapokea Mwanza. Bibi yupi, wa wapi, msichana hakujua. Alichojua ni kwamba kwa bibi "kuna maji mengi na mihogo." Kwa Kanda ya Ziwa, hayo ni maelezo ya kijiji chochote kuanzia Ukerewe hadi Chato.

Nilipigia kwanza makao ya watoto mawili. Moja linapokea wasichana wakubwa, jingine wadogo wa chini ya miaka mitano. Kwa maneno mengine, ningekata ile kanga kwa mkono wangu. Nikafungua daftari la walezi. Majina 11. Ukisoma ripoti yetu ya robo mwaka, kata ina walezi wa kuaminika 11, na ni kweli kabisa, wameandikwa. Usiku ule wanne simu hazikupatikana. Wawili walikuwa wamehama mtaa. Mmoja amejifungua wiki ile ile. Mmoja alinieleza kwa upole kwamba mumewe hakuwahi kukubali tangu mwanzo. Wawili walitaka mtoto mmoja tu, "lete huyo mdogo."

Wa 11 aliuliza swali moja: "Wamekula?"

Nikasema wamepewa chai na andazi. "Basi walete, nawasha jiko."

Mama huyu anakaa Igogo, juu kwenye miamba, nyumba ya vyumba vitatu. Anauza dagaa: ananunua magunia Mwaloni Kirumba, anapima kwa sado sokoni. Mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti. Wana watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha pili. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya walezi miaka miwili nyuma, siku tatu, akapewa cheti, soda na nauli. Baada ya hapo, kimya. "Namba yako nilikuwa nimeshaifuta," aliniambia baadaye. "Nilijua mradi umeisha." Kwetu huku, jambo jema likinyamaza ghafla, watu hawaulizi. Wanajua mradi umeisha.

Wiki sita

Msichana alikataa kitanda. Alilala mlangoni, mdogo wake kifuani, mgongo umegusa ubao wa mlango ili ukifunguliwa aamke. Siku ya nne mama mlezi aliona sisimizi wamejipanga kutoka dirishani hadi chini ya godoro. Akainua: tonge za ugali zilizokauka, vipande vya samaki, nusu chapati, vyote kwenye mfuko wa nailoni uliokunjwa vizuri.

Hapa ndipo unapomjua mlezi. Wengine wangepiga kelele kuhusu uchafu, na wengine wangeliita wizi na kuanza kufunga kabati. Mama huyu alikwenda sokoni akanunua hotipoti ndogo ya plastiki, nyekundu, ile ya kubebea watoto chakula cha shule. Kila jioni akaweka humo ugali na mboga, akaiweka pembeni ya godoro. "Hii ni yako. Hakuna atakayeifungua, hata mimi." Wiki ya kwanza ilikuwa tupu kila asubuhi. Wiki ya tatu ilianza kurudi na chakula. Wiki ya tano msichana mwenyewe aliipeleka jikoni, akaiosha, akaiacha kwenye kichanja. Hakuna aliyesema neno.

Mdogo alikojoa kitandani kila usiku, na hilo halikumsumbua mtu. Jambo gumu lilikuwa la kuoga. Dada hakuruhusu mtu mwingine amwogeshe. Mama mlezi akimshika, dada anamnyang'anya, mara moja hadi beseni likapinduka. Baba mlezi aliona ni utovu wa adabu. Mimi, nilipokwenda kuwatembelea (mara moja, siku ya kumi), niliandika "msichana ana ukaidi." Nikilisoma leo naona aibu. Yule mtoto alikuwa na kazi, alikuwa mama wa mtoto wa miaka minne kwa muda ambao hatukuujua, na sisi tulikuja kumfukuza kazi bila hata kumshukuru. Mama mlezi alilielewa hilo bila semina. Akawa anamwambia, "Wewe mwogeshe, mimi nishike sabuni." Baadaye, "wewe shika sabuni."

Nalisimulia hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalopotea kwenye ripoti. Utafiti maarufu wa Bucharest, Romania, ulioanza mwaka 2000 ulichukua watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi kwenye taasisi, nusu yao wakapelekwa kwenye familia za malezi. Familia hizo zilikuwa 56, na ilibidi watafiti wenyewe wazitafute na kuziwezesha, maana utaratibu huo kule ulikuwa bado mchanga mno. Waliolelewa katika familia walikua vizuri zaidi kiakili, wakashikamana vizuri zaidi na waliowalea, hasa waliotolewa taasisini mapema. Taasisi inaweza kuwa safi, ina vitanda na ratiba. Lakini mhudumu wa zamu mwenye watoto 20 hana nafasi ya kugundua kwamba hotipoti imerudi na chakula.

Usiku wa karatasi

Wiki ya sita mvulana alishikwa na homa. Saa nane usiku akaanza degedege. Jirani akasema asipelekwe hospitali, akichomwa sindano atakufa, apelekwe kwa mtaalamu. Mama mlezi hakumjibu, alimfunga mtoto mgongoni akapanda bodaboda.

Huduma kwa mtoto wa chini ya miaka mitano kisera ni bure. Bodaboda ya saa nane usiku si bure, na dawa iliyokwisha stoo hununuliwa duka la nje. Lakini hilo lilikuwa dogo. Walipotaka kumpa rufaa, muuguzi aliuliza: "Wewe ni nani yake?"

"Mlezi wake."

"Una barua?"

Hakuwa nayo. Simlaumu muuguzi hata kidogo. Mwanamke anakuja usiku wa manane na mtoto asiye wake, hajui jina la ukoo la mtoto, hajui alizaliwa wapi; asipouliza, ndiye angekuwa na makosa. Wakapiga simu yangu. Nilikuwa ndani ya basi kwenda Dodoma kwenye kikao, chaji imekwisha. Hapakuwa na namba nyingine, maana namba ya dharura ya walezi wote wa kata ni simu yangu binafsi, kwa vocha yangu. Mwishowe akaamshwa mwenyekiti wa mtaa, akapanda mlima na kushuka, akaja kumthibitisha. Mtoto alipona. Mama alirudi nyumbani saa tatu asubuhi akiwa ametumia shilingi 58,000 kutoka kwenye mtaji wa 150,000.

Ilikuwa ndiyo kwanza giza limeanza. Kwa asiyejua ziwa: dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi mwezi usipokuwepo. Wiki za giza ndizo wiki za pesa. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wanashona nyavu na wauzaji wanangoja. Mama huyu aliingia kwenye giza akiwa na shilingi 92,000 za mtaji na mtoto mgonjwa.

Kisha zikaja za watu. Mama mkwe: "Mtoto wa watu akifia ndani mwako, utawaambia nini polisi?" Wauzaji wenzake: "Si unalipwa na wazungu?" Mumewe hakugomba, ni mtu mpole. Alisema tu, "Jumatatu warudishe, kabla hatujafungwa."

Barua yenyewe ilikuwa wapi? Mezani kwangu. Ilihitaji sahihi ya mtu mmoja na muhuri. Kwa wiki sita nilikuwa nikisema Jumatatu.

Nani alishindwa

Fomu yetu ya kumwondoa mtoto kwa mlezi ina nafasi ya sababu. Mazoea ni kuandika "mlezi ameomba kuondolewa jukumu." Ningeandika hivyo, faili lingefungwa, na mwisho wa robo mwaka tungesema kwenye kikao kwamba jamii ya siku hizi imepoteza utu, zamani mtoto alikuwa wa wote, leo kila mtu na lwake. Nimeisikia kauli hiyo kwenye vikao vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mara nyingi mimi ndiye niliyeisema.

Siamini tena kwamba tuna uhaba wa watu wenye moyo. Usiku ule kwenye daftari la majina 11 hapakuwa na mtu mbaya hata mmoja. Palikuwa na watu tuliowaita, tukawapiga picha na vyeti, tukawaacha. Wale wanne ambao simu hazikupatikana hawakututoroka. Laini zao zilikufa, na hatukujua kwa sababu hatukuwahi kupiga hata siku ya sikukuu. Yule ambaye mumewe hakukubali: tulimfundisha yeye peke yake, mume hakualikwa. Nani hapo kashindwa?

Na kuna hesabu ambayo hatuifanyi. Mlezi akirudisha watoto kwa uchungu, hatupotezi nyumba moja. Soko zima la dagaa linajua. Jumuiya nzima inajua. Ukija mwezi ujao kutangaza kanisani kwamba unatafuta walezi, kuna wanawake 20 waliokaa hapo ambao wameshasikia habari ya karatasi, na tangazo lako haliwezi kushindana na habari hiyo.

Bibi wa Buhongwa

Siwezi kusema mimi ndiye niliyeokoa hali. Nilipeleka barua ile kusainiwa asubuhi hiyo hiyo, ndani ya dakika 40 ilikuwa na muhuri, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi. Lakini mama hakuwa anahitaji tu barua. Alikuwa amechoka, na alikuwa na magunia ya kununua.

Nilimpigia bibi mmoja wa Buhongwa, muuguzi mstaafu, mlezi wa siku nyingi. Alikuja na daladala, akaketi kwenye benchi lile lile. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Mimi nikafukuzwa kwa heshima: "Mwanangu, hebu tupishe." Walikaa saa nzima. Sijui walizungumza nini, ila nilisikia kicheko kwenye habari ya beseni.

Wakakubaliana hivi: watoto walale kwa bibi siku nne, mama aende Mwaloni. Siyo kuondolewa. Kiroba kibaki Igogo, wachukue nguo za siku nne tu, na msichana aelezwe hivyo na mama mlezi mwenyewe. Msichana aliuliza jambo moja, kama hotipoti inakwenda au inabaki. Mama akasema inabaki, inawangoja. Siku ya tano alikwenda kuwachukua.

Huko Seattle, Marekani, mwaka 2004, walianzisha mpango wa namna hiyo na kuupa jina, Mockingbird: mlezi mmoja mzoefu anakuwa kitovu cha familia sita hadi kumi, watoto wanaweza kulala kwake, walezi wanakutana, na nyumba zile zinakuwa kama ukoo. Uingereza waliuchukua mwaka 2015. Mimi niliusoma baada ya bibi wa Buhongwa kuwa ameshaufanya kwa nauli ya daladala. Nilifurahi lakini, maana sasa nilikuwa na kitu cha kuandika kwenye andiko la bajeti. Ukiandika "bibi atawalaza watoto," hakuna anayesoma.

Kutokana na hapo walezi saba waliobaki hai kwenye daftari walianza kukutana Jumamosi moja kila mwezi. Wakafanya kama kikoba: kila mmoja 2,000, fungu la dharura ya mtoto, mweka hazina ni mlezi mwenyewe, siyo mimi. Upande wetu tulifanya mambo madogo, na nayataja kwa sababu yalikuwa madogo. Barua ya kumkabidhi mtoto hutoka siku ya kwanza, nakala yake ndogo imefunikwa kwa plastiki, inakaa kwenye pochi. Namba za dharura ni mbili, ya pili ni ya mwenzangu wa kata jirani, na zote zimeandikwa nyuma ya barua pamoja na 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Baba mlezi anaalikwa kwenye mafunzo, na asipokuja hatuandiki jina la nyumba. Na tunapiga simu usiku wa pili, siku ya saba, siku ya 14. Siyo kukagua. Kuuliza wamelala vipi. Usiku wa pili ndio mgumu, wa kwanza watoto huwa wamechoka.

Kuna jambo tulilichelewa. Kijana wa kidato cha pili ndiye aliyehama chumba chake. Hakuna aliyemuuliza. Alianza kuchelewa kurudi shuleni, tukadhani ni ujana. Siku moja bibi wa Buhongwa akamuuliza tu, "Na wewe unalala wapi siku hizi?" Akasema sebuleni, taa inazimwa saa tatu kwa ajili ya watoto, hawezi kusoma. Ilitatuliwa kwa taa ya sola ya mezani. Ingeweza kuvunja nyumba.

Waliokuja, na waliokataliwa

Mwezi wa nne, mama wa Igogo alitusaidia kutafuta walezi wapya. Sisi tulikuwa tunasimama mbele ya watu na kusema watoto ni taifa la kesho. Yeye alikaa chini na wauzaji wenzake Mwaloni, mchana wa mbalamwezi wakati biashara imelala, akawasimulia sisimizi, beseni, na usiku wa karatasi pia. Nilikuwepo, nikataka kumkatisha alipofika kwenye karatasi. Nashukuru sikufanya hivyo. Wanawake wakaanza kuuliza maswali ambayo kwenye mikutano yangu hayajawahi kuulizwa. Akifa je? Ndugu wakija kumchukua usiku? Akimzoea mwanangu kisha akaondoka? Mume akigeuka? Kila swali ni mtu ambaye ameshaanza kujiona na mtoto ndani ya nyumba yake.

Waliokuja ofisini ni watano. Tukatembelea nyumba zote, tukauliza mwenyekiti wa mtaa, polisi, majirani wawili, na watoto wa nyumba yenyewe bila wazazi kuwepo. Tuliidhinisha watatu. Mmoja tulimwambia angoje, nyumba yake ilikuwa na msiba mbichi. Wa tano alikuwa na nyumba nzuri kuliko zote, sofa, friji, geti. Nilipomuuliza angependa mtoto wa umri gani alisema, "Binti wa miaka 12 hivi, mwenye nguvu." Niliandika asante, tutakupigia. Huyo hatafuti mtoto, anatafuta beki tatu wa bure. Hofu yangu ni usiku wa saa nne wakati daftari ni tupu na friji ile inakumbukwa. Uhaba wa walezi ndio unaotufanya tulegeze mlango, na anayeingia mlango ukilegea ni mtu wa namna hiyo.

Jirani zetu Rwanda wamelifanya hili kwa kiwango cha nchi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 uliwakuta watoto na vijana 3,323 katika taasisi 33. Mwaka uliofuata wakaanzisha mpango wa Tubarerere mu Muryango, tuwalee katika familia, na wakachagua kwa kila kijiji watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaoitwa Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia; kwa vijiji 14,837 hao ni watu 29,674. Mlezi wa kujitolea kule anaitwa Malayika Murinzi, malaika mlinzi. Linganisha na "kambo." Jina lao lina hatari yake, maana malaika halalamiki na hatumii shilingi 58,000, lakini walau hakuna anayelikimbia. Ninachowaonea wivu zaidi ni wale wawili wa kila kijiji. Mwanamke mwenye mtoto wa degedege mgongoni saa nane usiku angekuwa na mlango wa kugonga umbali wa nyumba kumi, na mtu huyo angekuwa anamjua mtoto kwa jina.

Bibi wa mihogo

Bibi yao tulimpata mwezi wa saba, upande wa Ukerewe, kwa njia ya mtu aliyemjua mtu machimboni. Maji mengi na mihogo, kama msichana alivyosema. Mama yao bado hajulikani alipo. Tulimtembelea bibi mara mbili, afisa wa kule akathibitisha, mahakama ikaelezwa, tukapanga siku.

Watoto tuliwaandaa vizuri. Bibi alikuja Igogo kabla, akalala siku mbili, msichana akamwona akila na mama mlezi sahani moja. Mvulana aliambiwa atapanda meli, hakutaka kusikia lingine. Mlezi ndiye hatukumwandaa. Nilidhani atafurahi, kazi imekwisha salama. Bandarini alisimama imara hadi meli ilipozunguka mwamba, kisha akaketi juu ya kreti la soda na hakuinuka kwa muda mrefu. Nilikuwa na gari la ofisi linalosubiri. Nikamwambia mama twende. Bibi wa Buhongwa, ambaye sikumwalika, akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau, akaketi chini kando yake. Gari likasubiri.

Wiki mbili baadaye nilipiga simu, kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ya kazi, kwa mlezi asiyekuwa na mtoto. Sikuwa na la kusema sana. Nikamwambia msichana ameanza darasa la tatu huko, mwalimu anasema anagawa chakula chake kwa wengine. Akacheka, akasema hotipoti bado iko kwenye kichanja, mwanawe wa mwisho anaitaka aibebee shule na yeye amekataa.

Nikamuuliza kama jina lake libaki kwenye daftari.

"Libaki. Lakini sikiliza, Afisa. Nipigie mbalamwezi. Giza nina kazi."

Daftari letu zamani lilikuwa na safu mbili, jina na simu. Sasa lina safu ya tatu, nimeichora mwenyewe kwa rula, haina kichwa. Mwalimu wa Mkolani: likizo tu, anapokea ndugu wawili. Fundi cherehani na mumewe: siyo Ijumaa, wavulana. Bibi wa Buhongwa: wakati wote, usimtume mlimani. Na kwenye mstari wa Igogo nimeandika neno moja, mbalamwezi, na pembeni ya meza nimetundika kalenda ya mwezi.